Kabla ya Kulinganisha Mbao za Nchi Mbili, Shika Tepu

Nina yadi ndogo ya mbao hapa Nakuru. Mapema 2023 chama chetu kilitaka kununua lori zima la paini ya Tanzania, nikatumwa nichunguze kwanza: je, mbao zao zinazidi kuingia kwetu kuliko zetu zinavyopasuliwa? Nikachora grafu ya nchi zote mbili kwa shilingi. Mstari wa Tanzania ulipanda kama kilima cha Menengai. Tukanunua mwezi wa Mei.

Kosa la kwanza ni hizo shilingi. Bei ikipanda, mstari hupanda hata kama malori ni yale yale. Mei 2021, soko la Chicago lilipitisha bei ya mbao laini juu ya dola 1,600 kwa kila futi elfu moja (futi yao ni ubao wa futi moja kwa futi moja, unene inchi moja). Ukichora mauzo ya Kanada kwa Marekani ya mwaka huo kwa dola, utadhani msitu mzima umehama. Pima kwa mita za ujazo.

Mita nazo zina ujanja wake. Chukua ubao wa 4x2, yaani inchi 4 kwa 2, wa futi 14. Kwa hesabu ya karatasi, vipande 45 hivi vinafanya mita moja ya ujazo. Jioni moja nilichuchumaa kwenye rundo nikapima kimoja kimoja: inchi 3¾ kwa 1¾. Nikarudia kalkuleta mara tatu. Ile mita moja ilikuwa 0.82 tu, na mimi nilikuwa nimeilipia nzima! Huko Marekani pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu 2x4 yao ikishapigwa randa hubaki 1½ kwa 3½, lakini bado huhesabiwa kuwa 2x4. Theluthi nzima ni hewa. Kwa hiyo ukiweka takwimu za nchi inayohesabu kwa jina la ubao kando ya nchi inayohesabu kwa tepu, hujalinganisha kitu.

Angalia pia namba za forodha: magogo ni 4403, mbao zilizopasuliwa ni 4407. Usizichanganye, basi.

Lililoniumiza hasa ni tarehe. Februari 2018 serikali yetu ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilisemwa ni siku 90, ikawa miaka. Sehemu ya ule mlima wangu ilikuwa amri ya Nairobi, wala si wajenzi kuipenda paini kuliko saiprasi yetu. Kanada na Marekani ni vivyo hivyo: makubaliano yao ya mbao yalianza Oktoba 2006 yakaisha Oktoba 2015, na katikati yake ujenzi wa nyumba Marekani uliporomoka. Asiyezitia alama tarehe hizo kwenye grafu atatafuta sababu mahali zisipokuwa.

Tarehe 2 Julai 2023 Rais Ruto akasimama Molo, jirani yetu kabisa, akatangaza marufuku imeondolewa. Kesho yake mafundi wawili wakanipigia: "Mzee, ngoja kwanza, tunasubiri za Elburgon," yaani mbao za kwetu, kutoka mji ulio karibu na Molo. Paini yetu ilikaa juani hadi ikapinda, tukaiuza kwa wajenzi wa mabanda ya kuku.