Kabla hamjamzika babu wa watu

Katika kazi yetu ya kuwatafuta mababu waliopelekwa Australia na Waingereza kama wafungwa, nimeletewa tena kifo cha "John Smith" wa Hobart, Tasmania, na kijana aliyekileta anashangilia kama aliyefunga bao. Meli gani? Kimya. Haya, wadogo zangu, kaeni chini.

1. Jina bila meli si mtu. Huko Van Diemen's Land (jina la zamani la Tasmania) mfungwa alijulikana kwa jina na meli iliyomleta. Mimi nililijua hilo kwa kuungua. Familia moja iliniomba nimtafute babu yao. Nikampata rejistani: jina lilelile, umri unakaribiana, amefia hospitali mwishoni mwa miaka ya 1840, kifua kikuu. Meli haikuandikwa, nikajiambia umri unatosha. Rekodi yake ya mwenendo, CON 33 kwenye nyaraka za Tasmania, nilikuwa nayo mezani! Nikasoma makosa yake: ulevi, matusi, ulevi tena. Nikacheka, nikaifunga kabla sijafika chini. Huko chini kulikuwa na msamaha wa masharti, aliopewa miaka kadhaa baada ya "kufa". Nilipokuja kuuona, familia ilishachongesha kibao cha kumbukumbu. Nikapiga simu kuwaambia marehemu wao hakufa. Bibi mmoja akauliza, "Sasa tuliyemlilia ni nani?" Nilikosa la kumjibu. Kibao chenyewe hakina kosa hata moja, ila tu si cha babu yao.

Babu alikuwa amevuka bahari kwenda Victoria, koloni jirani huko Australia, kwenye machimbo ya dhahabu. Sheria ya huko ya 1852 iliwaandama hasa watu wa msamaha wa masharti kutoka Tasmania, basi wengi wakaficha walikotoka. Cheti chake cha kifo kina wazazi, mke, watoto (vyeti vya Victoria vitamu hivyo), ila Tasmania haitajwi hata kidogo. Mzee alijifuta mwenyewe, nami nikamalizia kazi.

2. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza: Tasmania Desemba 1838, New South Wales 1856. Kabla ya hapo, vitabu vya makanisa.

3. Maradhi ya safarini yamo kwenye majarida ya madaktari wa meli, fungu la ADM 101, Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London. Hayakusalia yote. Msiishie kwenye orodha ya wagonjwa. Someni maelezo ya mwisho, ambako daktari huweza kulalamika kuhusu unyevu, kiseyeye na chochote kilichomkera. "Phthisis" ni kifua kikuu. "Dropsy" ni kuvimba maji tu, chanzo chaweza kuwa moyo, figo au ini, kwa hiyo acheni kuwatisha wajukuu na ugonjwa wa ukoo.

4. Aliyezama au kuangukiwa na mti, mtafuteni kwenye uchunguzi wa vifo, fungu la SC195 kwenye nyaraka za Tasmania. Mkikuta "visitation of God" (neno kwa neno, kujiliwa na Mungu), jopo la uchunguzi halikuona mkono wa mtu, basi. Juzi mmoja wenu aliandika kwamba marehemu alitokewa na Mungu. Ripoti hiyo ilikuwa njiani kwenda kwa mteja.