Mtaala umebadilika, nami niko katikati

Vyuo vikuu vya Tanzania vimekuwa vikiandika upya mitaala kwa fedha za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021. Tangu hapo barua za wanafunzi wa uzamili zimenijaa mezani. Programu zimeunganishwa, nyingine zimepewa majina mapya, nyingine zimefungwa. Kabla ya kustaafu nilitumikia ofisi ya masomo ya uzamili kwa miaka mingi, na ninachokijua nakitoa hapa. Barua nimezifupisha.

Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza kozi zote za uzamili, nikaahirisha mwaka mmoja kwa sababu ya uzazi. Nimerudi kuandika tasnifu, naambiwa programu yangu haipo tena, imeunganishwa na nyingine, na nisome kozi nne mpya kwanza. Ni haki? — Msomaji, Mwanza

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto.

Kanuni ambayo vyuo hujiendesha nayo ni kwamba mwanafunzi humaliza kwa mtaala aliodahiliwa nao. Programu haizimwi kama taa. Kwanza chuo huacha kupokea wapya, kisha kinawavusha waliomo mpaka wa mwisho amalize. Hata Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ilipovizuia vyuo 19 kudahili mwaka 2017, zuio lilikuwa la wanafunzi wapya.

Kwako kuna jambo moja la kuangalia kwa makini, nalo ni lile ahirisho. Itafute barua uliyopewa ulipoondoka. Ikiwa imesema utaendelea ulipoishia, ni hoja nzito sana mkononi mwako. Angalia pia muda wa juu wa usajili wa shahada yako. Kama haujapita, simama imara. Kama umepita, suala linakuwa jingine, na hapo itabidi uombe kuongezewa muda kabla ya kuomba kitu kingine chochote.

Sasa mwandikie mkuu wa idara, nakala kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili. Andika, usiende kuongea tu dirishani. Ambatanisha barua ya udahili, kurasa za prospectasi (kitabu cha programu za chuo) ya mwaka ulioingia zinazoonyesha programu yako, matokeo yako yote na barua ya ahirisho. Omba kitu kimoja chenye kueleweka: kozi zako za zamani na zile mpya ziwekwe sambamba, mada kwa mada, idara ieleze kwa maandishi kipi hasa hujakisoma.

Nakuambia hivi kwa sababu kuna dada mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na mkasa unaofanana na wako. Naye alikuwa ameambiwa arudie kozi nne. Alizunguka majuma mawili, akilia kwenye korido, kila mtu akimtuma kwa mwenzake. Siku tulipofungua maelezo ya kozi, ya zamani upande huu na mapya upande huu, tatu kati ya nne zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni jina na namba ya kozi. Majuma yote hayo hakuna aliyekuwa amelifungua faili, nami nikiwemo. Hadi leo linaniuma. Kwa hiyo usikubali neno "imebadilika" mpaka uonyeshwe kilichobadilika.

Idara ikikataa, omba suala lipelekwe kwenye bodi ya masomo ya uzamili, na kutoka hapo Seneti ya chuo. Wakati unasubiri, endelea na tasnifu na msimamizi wako. Usikae bure.

Mwalimu, habari za siku. Nilisoma mihula miwili ya uzamili Kampala na nina krediti 30. Tumehamia Arusha. Chuo cha hapa kinasema uzamili ni krediti 180, kwa hiyo zangu ni chache mno, nianze upya. — Msomaji, Arusha

Nzuri. Aliyekujibu amelinganisha debe na kibaba.

Uganda krediti moja huhesabiwa kwa saa 15 za darasani. Tanzania krediti moja ni saa 10 za masomo yote: mihadhara, maktaba, kazi za kuandika, mazoezi, hata kujiandaa kwa mtihani. Krediti zako 30 ni saa 450 za kukaa darasani peke yake, na bado hujaingiza usiku wako wa kusoma. Ukizigeuza kwa hesabu ya Tanzania zinakuwa nyingi zaidi ya 30, tena kwa mbali. (Namba 180 kwa saa 10 ndiyo wanayotumia Waingereza pia, kwa hiyo wanaotoka huko hawapati taabu hii. Majirani zetu ndio wanaoipata, na inasikitisha.)

Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu Mei 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao hapohapo Kampala, limetengeneza mfumo wa kulinganisha sifa. Hata hivyo tangazo hilo halikilazimishi chuo kupokea kila kozi. Vyuo vingi vina ukomo wa kozi za kuhamishwa, na karibu vyote hutaka tasnifu iandikwe kwao. Peleka transkripti, yaani orodha rasmi ya matokeo yako, pamoja na maelezo ya kila kozi yanayotaja saa zake, uombe hesabu ifanywe kwa saa. Usitaje krediti kabisa mpaka wao wazitaje.

Hujambo Mwalimu? Niko Eldoret, mwaka wa tatu wa uzamifu (uzamivu, yaani PhD). Wakati wa kujiunga niliambiwa kuhusu tasnifu tu. Sasa idara inasema siwezi kufuzu bila makala mbili kwenye majarida. Kuna jarida limenitumia baruapepe, linachapisha kwa siku saba kwa dola 150. Nilipe? — Msomaji, Eldoret

Sijambo. Usilipe.

Nianze na sharti lenyewe. Si geni. Limo katika viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya, CUE, vya mwaka 2014: makala moja kwa uzamili, mbili kwa uzamifu, katika majarida yenye kupitiwa na wataalamu. Idara yako ilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Kama haikukuambia ilikukosea, na una haki ya kulisema hilo kwa maandishi unapoomba muda. Ila sharti halitaondoka kwa sababu hukuambiwa.

Nalipenda sharti hili kwa nia yake na nalichukia kwa matokeo yake. Nia ni njema, utafiti usomwe, usife kwenye rafu. Lakini ukimwambia mtu asiye na msaada kwamba bila makala hapati joho, umemwuza kwa walaghai. Jeffrey Beall, mkutubi wa chuo kikuu huko Denver, Marekani, ndiye aliyeyapa majarida ya namna hii jina la wawindaji, mwaka 2010. Wenye kuwindwa ni watu kama wewe.

Siku saba ndizo zinazoliumbua jarida hilo. Makala ya kweli husomwa na wataalamu wawili au watatu wenye kazi nyingine, huandika maoni, unarekebisha, wanasoma tena. Hiyo ni miezi. Kulipa si kosa kwa kila hali, maana yapo majarida mazuri yanayotoza. Kuwa na ISSN nako hakuthibitishi kitu, ni namba ya utambulisho tu kama ya leseni ya gari, haisemi dereva anajua kuendesha. Tazama wahariri: wapo kweli kwenye vyuo vinavyotajwa? Waandikie wawili uwaulize. Soma makala tatu zilizokwisha kutoka. Angalia kama jarida limo DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Mwisho uliza idara yako inayatambua majarida yapi, na jibu hilo pia liwe kwa maandishi.

Makala unazo tayari. Sura yako ya mapitio ya maandiko, ikikatwa vizuri, inaweza kuwa moja. Sehemu moja ya matokeo, swali moja tu la utafiti, ni ya pili. Kaa na msimamizi wako, mkubaliane majina ya waandishi yatakavyopangwa kabla ya kuandika, kisha utume ya kwanza muhula huu huu. Uliza pia kama idara inapokea barua ya jarida inayothibitisha kwamba makala imekubaliwa. Hiyo huokoa miezi mingi.

Na tafadhali, makala ikishachapishwa kwenye jarida bovu hairudi. Itakufuata kwenye kila maombi ya kazi.

Assalaam alaykum Mwalimu. Chuo kimegawa uzamili njia mbili: kozi na mradi mfupi, au kozi na tasnifu. Ya kwanza ni fupi na ada yake ni nafuu. Nataka kuja kuwa mhadhiri. — Msomaji, Unguja

Waalaykum salaam. Chukua tasnifu. Njia ya mradi inawafaa walio kazini wanaotaka kupanda cheo, na haina aibu yoyote. Lakini wewe unaelekea uzamivu, na huko wanaanza kwa kukuuliza umewahi kufanya utafiti gani. Matangazo mengi ya ajira ya vyuo vya umma Tanzania hudai pia GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili, kwa hiyo linda alama za kozi tangu muhula wa kwanza. Na kama umeshajiunga na njia ya mradi, uliza mapema tarehe ya mwisho ya kuhama.

Nina shahada ya kwanza ya sayansi, si ya ualimu. Stashahada ya uzamili ya elimu bado ina maana, au nisubiri uzamili? — Msomaji, Dodoma

Ina maana kubwa. Ndiyo inayokufanya mwalimu. Uzamili wa kemia utakufanya mkemia bora, lakini hautakupa mbinu za kufundisha wala mazoezi ya kufundisha. Vyuo kadhaa vinaitoa, Chuo Kikuu Huria kikiwemo, na unaweza kuisoma ukiwa kazini.

GPA yangu ni 2.6. Nimekataliwa uzamili mara mbili. — Msomaji, Mbeya

Pole. Umekosa daraja la pili la chini kwa pointi sifuri nukta moja, na vyuo vingi huanzia 2.7. Usiombe mara ya tatu kwa vyeti vilevile. Soma stashahada ya uzamili kwenye fani yako, ufaulu vizuri, ndipo uombe. Kabla ya kulipa ada, uliza chuo unachokilenga kama wataitambua kwa ajili hiyo, maana si vyote vinavyofanya hivyo.

Salaam kutoka Muscat. Bibi yangu ni wa Unguja, Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani kwetu. Ni kweli siku hizi mtu anaweza kuandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili? — Msomaji, Oman

Ni kweli, na barua yako imenifurahisha kuliko zote. Ukisoma Kiswahili, iwe isimu au fasihi, tasnifu unaiandika kwa Kiswahili na kuitetea kwa Kiswahili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI, iliyoundwa mwaka 2009 kwa kuunganisha taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili na idara ya Kiswahili, ina programu hiyo, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pia. Kwa fani nyingine bado ni Kiingereza, jambo ninaloliona ni hasara kwetu.

Vyeti vyako vya Oman vitahitaji kutambuliwa na TCU kabla ya udahili. Lianze hilo sasa, kabla hata hujachagua mada. Kuhusu mada, keti na bibi yako kwanza. Mrekodi.