Bima inanidai ada ya mafundi wa paa ambao si waajiriwa wangu

Swali: Nina kampuni ndogo ya ukarabati wa nyumba Georgia, Marekani. Baada ya kimbunga Helene, Septemba 2024, kazi zilitumiminikia upande wa Valdosta, nikawapa mafundi wa paa kazi za dola 180,000 kama wakandarasi wadogo. Fomu 1099, ya kodi kwa malipo ya wasio waajiriwa, nimewapa. Sasa kampuni ya bima ya fidia kwa wafanyakazi imekagua hesabu zangu na kunidai dola 29,160 zaidi, kwa kuwa mafundi hao hawakuwa na bima. Wako wawili tu, na sheria ya hapa haiwalazimishi. Je, nalazimika kulipa?

Jibu: Ndugu yangu, usilipe kwanza, wala usiiweke barua hiyo kabatini. Kwa maelezo yako deni lipo, ila nadhani limekuzwa.

Ni kweli, Georgia humlazimisha mwajiri kuwa na bima hii akifikisha wafanyakazi watatu. Lakini fundi asiye na bima akianguka kutoka kwenye paa ulilompa, madai yake hupanda kwa mkandarasi mkuu, yaani wewe, na bima yako ndiyo italipa matibabu. Hatari hiyo ilikuwepo muda wote wa kazi hizo, ndiyo maana mkaguzi anaitoza ada. Fomu 1099 ni ya kodi. Kwa mkaguzi, hiyo ndiyo orodha ya watu atakaokuuliza vyeti vyao vya bima.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo penye pesa zako. Ada hutozwa kwa kila dola 100 za mishahara. Mishahara halisi ya mkandarasi mdogo isipojulikana, kanuni za NCCI, shirika linaloandaa kanuni za bima hii, zinazotumika Georgia, humruhusu mkaguzi kukadiria kutokana na bei ya mkataba: walau asilimia 90 ikiwa fundi ametoa nguvu kazi tu, walau asilimia 50 ikiwa ameleta na vifaa. Tuchukue kiwango cha dola 18 kwa kazi za paa. Asilimia 90 ya 180,000 ni 162,000, na ada yake ni dola 29,160, kiasi kilekile unachodaiwa. Kama mafundi walinunua vigae na mbao wenyewe, asilimia 50 inaleta dola 16,200. Tofauti ni dola 12,960.

Kwa hiyo omba karatasi za hesabu za ukaguzi, uone kiwango na asilimia waliyotumia. Kisha pinga kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, ukiambatanisha mikataba, ankara zinazotenganisha vifaa na kazi, na risiti za vifaa. Mafundi wakikubali kukupa kumbukumbu za mishahara yao, zipeleke. Zina nguvu kuliko makadirio yoyote. Sehemu usiyoipinga ilipe kwa wakati, kwa sababu deni la ukaguzi linaweza kufuta bima unayoitumia sasa, na bila bima hupati kazi.

Watazame pia vijana wako mwenyewe. Mshahara wa aliyepaka rangi siku tatu na kupanda paani siku mbili unaweza kugawanywa katika misimbo miwili, yaani namba za aina ya kazi zenye viwango tofauti vya ada, lakini kumbukumbu za saa zake ziwe ziliandikwa wakati wa kazi. Zisipokuwepo, mshahara wote huingia kwenye msimbo wa ada kubwa, na paa ni miongoni mwa ghali kabisa. Saa za ziada nazo zinaumiza wengi bure: anayelipwa dola 24 kwa saa, ukimpa 36 kwa saa ya ziada, zile 12 hazihesabiwi, mradi orodha ya mishahara izioneshe peke yake.

Kwa kazi zijazo, cheti cha bima kiwe mkononi kabla ya cheki ya kwanza, na tarehe zake zifunike siku zote za kazi. Mpigie wakala wa bima aliyekitoa, uhakikishe kingali hai. Baada ya vimbunga vyeti vya kughushi huzagaa sana. Fundi asiye nacho, kata gharama ya ada yake kwenye bei mnayokubaliana, na muandike hivyo kwenye mkataba. Na ukiona kazi zimeongezeka katikati ya mwaka, mwambie wakala wako apandishe makadirio ya mishahara mara moja, ulipe kidogokidogo wakati fedha za wenye nyumba bado zinaingia.