Timu yetu ina gundu au inazidiwa?

Tangu mzunguko wa kwanza wa Ligi Kuu umalizike, barua nyingi tunazopokea zinatoka kwa mashabiki na viongozi wa timu zilizo mkiani. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

SWALI: Ndugu mhariri, timu yangu ni ya hapa hapa Dar es Salaam. Katika mechi 15 imeshinda 2, imetoka sare 6 na kufungwa 7. Ina pointi 12, imefunga mabao 11 na kufungwa 20. Kwenye daftari langu nina mashuti 158 tuliyopiga, 49 yakalenga lango. Wapinzani wamepiga 171, na 55 yakalenga. Naona hatujapishana sana, ila wenzetu wanafunga na sisi hatufungi. Viongozi wanasema ni gundu. Wanachama wanataka kocha aondoke na straika asajiliwe dirisha dogo. Nani yuko sahihi? Nimeambatanisha kurasa za daftari. *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Ukiziangalia namba hizo juu juu, wanaosema gundu wana hoja. Katika ligi nyingi za kulipwa, kati ya mashuti 10 yanayolenga lango, takriban 3 huingia na 7 huokolewa. Ninyi mmefunga 11 kati ya 49, yaani asilimia 22. Wapinzani wamewafunga 20 kati ya 55, asilimia 36. Anayeishia hapo atasema washambuliaji ni butu, kipa ni mbovu, au kuna mkono wa mtu.

Usiishie hapo. Jambo la maana zaidi kwenye kurasa ulizotuma ni ile alama uliyoweka ya mahali kila shuti lilipopigwa. Tumezihesabu. Mashuti yenu 158 yamegawanyika hivi: 96 nje ya 18 (boksi la yadi 18 mbele ya lango), 60 ndani ya 18, na penalti 2. Ya wapinzani 171 ni 58 nje, 110 ndani, na penalti 3.

Shuti la nje ya 18 huingia kama mara 3 tu katika mashuti 100. La ndani ya 18, ukiacha penalti, huingia kama mara 14 katika 100. Penalti huingia 3 kati ya 4. Ni makadirio, lakini kwa kazi ya daftari yanatosha. Sasa zidisha. Kwa upande wenu, 96 mara 0.03 ni 2.9, 60 mara 0.14 ni 8.4, penalti 2 mara 0.75 ni 1.5. Jumla 12.8. Kwa upande wa wapinzani, 58 inatoa 1.7, 110 inatoa 15.4, na penalti 3 zinatoa 2.25. Jumla inakaribia 19.4.

Kwa nafasi mlizotengeneza mlistahili mabao kama 13, mmepata 11. Mlistahili kufungwa 19, mmefungwa 20. Katika pengo lenu la mabao 9, karibu 7 yanatokana na mahali mashuti yalipopigwa. Hayo mawili yaliyobaki, kwa mechi 15, ni machache mno kumhukumu kipa wala straika. Timu haina gundu. Inapigiwa karibu na inapiga mbali.

Kwa hiyo hoja ya straika ni dhaifu. Mashuti 60 katika mechi 15 ni mashuti 4 ndani ya 18 kwa mechi, na hayo ni ya timu nzima. Mpinzani anapata zaidi ya 7. Mlete straika yeyote mnayemtaka, naye atasimama akisubiri mpira usiofika. Fedha ya dirisha dogo ielekezwe kwa anayeufikisha: winga wa kumpita beki hadi mstari wa mwisho, au kiungo mshambuliaji wa kupenyeza pasi katikati ya mabeki.

Kuhusu kocha, bado hatuwezi kusema, na wewe usiseme kabla ya kufanya kazi moja zaidi. Chukua video za mechi 5 za mwisho, tafuta kila shuti mlilopigwa ndani ya 18, na urudi nyuma hadi mpira ulipoanzia. Andika mstari mmoja kwa kila shuti, kwa mfano: «dk. 34, kichwa, krosi ya kushoto, mpira tuliupoteza katikati ya uwanja, nje». Mistari kama 35 inatosha kukuonyesha sura. Krosi zikiwa nyingi, tazama beki wa pembeni na winga asiyerudi kumsaidia. Mingi ikianzia mpira uliopotezwa katikati, mnahitaji kiungo mkabaji, au kocha apunguze idadi ya wanaopanda kwa mpigo. Kona na mipira iliyokufa ikitawala, hilo ni la uwanja wa mazoezi na halihitaji usajili.

Jambo moja la kurekebisha kwenye daftari: tenganisha vichwa na miguu. Kichwa huingia mara chache kuliko shuti la mguu kutoka pale pale, na timu inayoishi kwa krosi hujiona ina nafasi nyingi kuliko ilizonazo.

SWALI: Tumefungwa mabao 18, na 8 yameingia baada ya dakika ya 75. Uongozi umeagiza mazoezi ya mbio ufukweni Coco mara tatu kwa wiki. Ndiyo dawa? *Kocha msaidizi, Kigamboni*

JIBU: Huenda siyo, na mnaweza kuwachosha watu bure. Karibu katika kila ligi, dakika 15 za mwisho pamoja na za nyongeza ndizo zenye mabao mengi. Karibu robo ya mabao yote huingia humo. Katika 18 ungetarajia 4 au 5. Nane ni mengi, lakini yachambue kwanza.

Toa mabao mliyofungwa mkiwa nyuma na mmepanda wote kutafuta la kusawazisha. Hayo ni gharama ya kujaribu, si pumzi. Yaliyobaki yagawe kwa saa ya mechi. Mechi ya saa 10 jioni Dar es Salaam mwezi Februari, kwa joto na unyevu ule, haifanani na ya usiku chini ya taa. Kisha andika dakika ya kila mabadiliko mliyofanya. Kanuni zinaruhusu wachezaji watano katika vituo vitatu, na mapumziko hayahesabiwi. Kama mchezaji wa kwanza huingia dakika ya 78 wakati viungo wamekwisha tangu ya 65, tatizo liko benchi, na mchanga wa Coco hautalifikia.

SWALI: Kocha wetu anajitetea kwamba tunamiliki mpira asilimia 56 kwa wastani. Je, huo si ushahidi kwamba tunacheza vizuri? *Mwanachama, Sinza*

JIBU: Hapana. Timu iliyofungwa mapema hupewa mpira, kwa sababu anayeongoza hurudi nyuma na kusubiri. Mwombe kocha umiliki wa wakati matokeo ni sare tu, na idadi ya pasi zilizopokelewa ndani ya 18 ya mpinzani. Mabeki wa kati wakipasiana wao kwa wao, asilimia nayo inapanda.

SWALI: Tuna pointi 12 katika mechi 15. Tunahitaji ngapi ili tusishuke? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Kwa kanuni za misimu ya karibuni, timu za 15 na 16 hushuka moja kwa moja na za 13 na 14 huingia mchujo. Nafasi salama ni ya 12. Tafuta misimamo ya mwisho ya misimu mitano iliyopita, uchukue pointi za aliyemaliza wa 12 katika kila msimu, na ile ya juu kabisa iwe lengo. Tuseme kwa mfano ni 33. Mtahitaji 21 katika mechi 15, yaani kushinda 5, sare 6, kufungwa 4. Kwa kasi ya sasa mtaishia 24.

Msimamo wa leo usikudanganye. Wenye viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, kwa sababu ya mashindano ya Afrika ya CAF wanaonekana chini kuliko walivyo, hivyo linganisha pointi kwa mechi. Baada ya mechi 15 kila mtu ameshakutana na wote mara moja. Kinachobadilika ni uwanja, kwani aliyewakaribisha sasa mtamkaribisha ninyi. Wagawe wapinzani 15 katika makundi matatu ya watano watano: wa juu, wa kati na wa chini. Hesabu ni wangapi wa kundi la chini wanakuja kwenu. Mechi za «nyumbani» dhidi ya Simba na Yanga ziandike kama za ugenini, maana hapa Dar majukwaa yatakuwa yao. Pointi 21 zitafutwe kwanza kwa hao watano wa chini, na kabla ya mechi mtakazowakaribisha, mpumzisheni mapema mchezaji ambaye kadi moja zaidi ya njano itamfungia, ili asikosekane siku hiyo.