Sababu, dalili, hoja: zitenganishe kabla hujaandika

Akili na sababu, maneno tunayoyatamka kutwa nzima, yote mawili yana kamba ndani yake. Akili ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu na kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Kile kigwe cheusi ambacho wanaume wa Ghuba hukizungusha juu ya kitambaa cha kichwa ni ndugu yake. Sababu nayo, katika Kiarabu cha kale, ilikuwa kamba yenyewe, ile ya kufikia maji kisimani.

Kisima hicho kinafaa kukagulia maandishi. "Bei ya nyanya imepanda kwa sababu mvua imenyesha." Kamba haijafika majini, maana mvua hiyo hiyo ingeweza kustawisha nyanya na bei ikashuka. Igeuze: "Mvua imenyesha, kwa hiyo bei imepanda." Msomaji akiuliza "kwa vipi?", unga kipande: barabara ya shambani imekatika, malori hayapiti, mzigo sokoni umepungua. Endelea kuunga mpaka swali liishe.

Kosa sugu ni kuita dalili sababu. "Usiku mvua imenyesha kwa sababu barabara imelowa." Tangu lini barabara ikaleta mvua? Dalili, kwa asili yake, ni kiongozi wa njia: anakufikisha kwenye jambo, hasababishi litokee. Tena kiongozi hupotea. Huenda bomba limepasuka. Andika "bila shaka imenyesha, maana barabara imelowa na mabati yanachuruzika." Dalili ya pili ndiyo inayobeba uzito, kwa kuwa bomba la barabarani halilowanishi paa.

Hoja imelegea zaidi. Kiarabu *hujja* ni uthibitisho, ila bungeni Dodoma waziri husema "naomba kutoa hoja" kabla wabunge hawajaijadili. Kwa hiyo ukiandika "hoja yangu ni hii," msomaji bado anasubiri ushahidi.

Mantiki imetokana na kusema, na kazi yake ni kukagua viungo tu. "Samaki wote wana magamba. Kambare ni samaki. Kwa hiyo kambare ana magamba." Viungo vimeshikana barabara, lakini aliyewahi kumshika kambare anajua ngozi yake ni utelezi mtupu. Ukitaka kuipinga usiseme "haina mantiki." Ipige sentensi ya kwanza.