Maswali Yenu kwa Daktari wa Mifugo: Mbwa Mdogo Anayenguruma

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Walukuba, hapa Jinja. Baada ya kuibiwa kuku mara mbili, mume wangu alituletea mtoto wa mbwa dume, wa kienyeji, aliyepewa na rafiki yake wa Busia. Alifika akiwa na wiki 5 na sasa ana wiki 10. Kinachotutisha ni kwamba amekuwa mkali kabla ya wakati wake. Ukimsogelea anapokula posho yake (ugali) ananguruma mpaka manyoya ya mgongoni yanasimama. Watoto wakicheza naye anauma mikono na kurarua pindo za nguo, na siku hizi za karibuni hata kubebwa hataki: ukimwinua kwa tumbo anageuza kichwa upesi na kutaka kuuma. Juzi alimuuma mwanangu wa miaka 6 kidoleni, damu ikatoka kidogo tu, nikamfunga kitambaa. Mume wangu anasema achapwe mapema ili ajue mwenye nyumba ni nani. Jirani anasema huyo ana kichaa, auawe. Mimi sitaki auawe, wala sitaki kufuga mbwa nitakayemwogopa akishakua. Nifanye nini?
Mama wa watoto watatu, Jinja

JIBU: Mama, katika barua yako jambo uliloliandika kwa maneno machache kuliko yote ndilo lililotufanya tukupigie simu siku ileile, bila kungoja gazeti lichapishwe, nalo ni kile kidole cha mtoto. Nayarudia hapa tuliyokuambia kwa sababu najua wako wasomaji wengine waliokwisha kufunga kitambaa namna hiyo na kusahau.

Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, na tundu dogo la jino linatosha kuwa mlango wake. Wengi hudhani mbwa akiwa mdogo hawezi kuwa nacho. Anaweza, iwapo mama yake au mbwa mwingine mgonjwa alimuuma au alimlamba penye kidonda, na ugonjwa unaweza kukaa mwilini kwa wiki au miezi kabla ya kuonekana. Ukishaonyesha dalili hauna tiba, si kwa mtu wala kwa mbwa. Kwa hiyo kila jino linalotoboa ngozi huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, bila kupaka pilipili, majivu wala dawa ya mitishamba, kisha mtu huyo hupelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo ili aanzishiwe chanjo. Chanjo ya leo hudungwa mkononi au pajani, kwa hiyo zile sindano nyingi za tumboni ambazo wazee wetu huzisimulia kwa hofu zisimzuie mtu yeyote kwenda.

Na mbwa mwenyewe asiuawe na kutupwa. Akiuawa siku hiyo, hakuna atakayejua alikuwa na nini, isipokuwa kichwa chake kipelekwe kupimwa. Mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anapouma, kwa kawaida huugua na kufa ndani ya siku 10. Ndiyo maana afisa mifugo hutaka afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, na kutazamwa kwa muda huo, huku mtu aliyeumwa akiendelea na chanjo bila kusubiri. Ukiona mbwa ameacha kula, sauti imebadilika, taya limelegea, mate yanamtoka na anayumba, usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa kooni. Kosa hilo limewaponza wengi. Kijana wako alianza chanjo, na mbwa wenu alimaliza siku zake 10 akila na kuchezacheza kama kawaida, kwa hiyo sasa tunaweza kuizungumza tabia yake kwa utulivu. Akifikisha miezi 3 naye achanjwe dhidi ya kichaa, na chanjo hiyo irudiwe kila mwaka.

Sasa tuje kwenye kubebwa. Mtoto wa mbwa aliyekuwa akikubali kuinuliwa wiki iliyopita na leo akatae, nianze kwa kudhani kwamba ana mahali panapomuuma, kabla sijamwita mkali. Ndiyo sababu nilikuomba umlaze ubavu juani, mtu mzima mwingine akimshika kichwa kwa upole, nawe umpapase tumbo na mapaja polepole. Ulinieleza ulichokiona: vivimbe vitatu chini ya tumbo, vyekundu, kila kimoja kikiwa na kitundu katikati ambacho kinatoa unyevu, na ukikitazama kwa makini unaona kitu cheupe kikisogea ndani yake. Hao ni funza wa nzi wa embe. Nzi huyu hutaga mayai kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo au kinyesi, na kwenye nguo zenye unyevunyevu. Ndiye yuleyule anayetufanya tupige pasi nepi na nguo za ndani zilizoanikwa nje. Mtoto wa mbwa, ambaye tumbo lake karibu halina manyoya na hulala juu ya matambara yaliyolowa, humpata kwa urahisi kuliko kiumbe mwingine yeyote pale nyumbani. Basi mtu akimwinua kwa kiganja kilichokandamiza vivimbe hivyo, ulitaka afanye nini?

Usikamue kwa nguvu, maana funza akipasuka ndani ya ngozi kidonda huvimba na kutunga usaha. Paka mafuta mazito ya mgando juu ya kitundu ili akose hewa. Baada ya muda atajitokeza, hapo ubonyeze taratibu kutoka pembeni mpaka atoke mzima, kisha osha kwa maji na sabuni. Matambara yake yatolewe, yafuliwe na kupigwa pasi, na mahali anapolala pawe pakavu. Wakati huohuo tazama katikati ya vidole kama kuna tekenya, chungulia masikio kama yananuka, na tazama tumbo: likiwa limejaa na kukaza huku mbavu zinahesabika, ana minyoo. Dawa ya minyoo kwa mbwa mdogo hutolewa kila baada ya wiki 2 mpaka afikie wiki 8 hivi, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, na kipimo chake hutokana na uzito wake, wala si kwa kukisia kidonge cha watu.

Kunguruma kwenye sufuria ya posho ni habari nyingine, na hapo sikubaliani na baba wa nyumba hata kidogo. Mbwa huyu alitoka kwenye ziwa la mama yake akiwa na wiki 5, bila shaka katika kundi la ndugu waliokuwa wakigombea chakula kidogo, kisha akaletwa kwenye ua wenye watoto watatu na kuku. Anaponguruma anasema: tafadhali usikaribie, nina hofu utaninyang'anya. Ukimchapa, hofu inabaki palepale, inazidi hata, na kinachoondoka ni lile onyo tu. Baada ya miezi michache utakuwa na mbwa mkubwa anayeuma bila kunguruma kwanza, nawe utashangaa kwamba ameuma ghafla. Kumwondolea sufuria kwa makusudi ili azoee, kama wengi wanavyoshauri, nako kunamthibitishia kile anachokihofia.

Fanya kinyume chake. Wewe au baba yao, si watoto, simameni hatua kadhaa kutoka pale anapokula, mtupieni mukene (dagaa) mmoja au kipande cha utumbo uliochemshwa kando ya sufuria, kisha mwende zenu. Basi. Mlo unaofuata fanyeni hivyohivyo. Ataanza kuinua kichwa akiona mnakuja, mkia ukiwa umelegea na unatikisika, kwa sababu mtu anayekaribia sasa analeta kitu badala ya kuondoa. Hapo sogeeni hatua moja zaidi. Lakini akiacha kutafuna ghafla, mwili ukakakamaa, na mkaona weupe wa jicho lake akiwatazama kwa pembeni, mmesogea mno: rudini nyuma, wala msimkemee. Watoto wasipite karibu naye akila, na hilo liwe sheria ya nyumba hata atakapokuwa mpole kama kondoo. Nadhani pia hashibi. Mbwa wa umri huu anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na posho tupu haimtoshi. Ichanganywe na mukene, maharage yaliyoiva vizuri au matumbo.

Kuuma mikono mchezoni ndiko kusiko na uzito sana, ingawa ndiko kunakowaliza watoto. Watoto wa mbwa hujifunza kupunguza nguvu ya meno kwa kuumana na ndugu zao: anayeuma mno hupigiwa kelele na kuachwa peke yake. Ndiyo maana ni vizuri wakae na mama yao mpaka wiki 8. Huyu wenu alikosa wiki tatu za masomo hayo, kwa hiyo nyinyi ndio mtakaomaliza kazi. Meno yakigusa ngozi, mchezo ufe palepale: mtoto asimame kimya, akunje mikono, amgeuzie mgongo, na baada ya muda mfupi waendelee. Watoto wakipiga mayowe na kukimbia, kwake huo ni mchezo uliozidi kunoga. Mpeni kamba nene au kitambaa kilichofungwa mafundo atafune mkiwa mnamwona, lakini si gunzi la mahindi, ambalo huziba utumbo, wala mfupa uliopikwa, ambao hupasuka vipande vyenye ncha. Kutafuna kutaongezeka kuanzia mwezi wa nne hivi, meno 28 ya utoto yatakapoanza kupisha 42 ya ukubwani. Zaidi ya yote mwacheni alale. Umri huu mbwa hulala saa 18 na zaidi kwa siku, na yule anayeamshwa kila mara ili achezewe huwa na hasira ileile ya mtoto mchanga aliyekosa usingizi.

Kama baada ya wiki tatu au nne za utaratibu huu bado anakakamaa na kuuma kwa kung'ang'ania, mpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya amtazame ana kwa ana. Barua ina mipaka yake.

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi tuko Bombo, ni Waislamu, na tumemweka mbwa kwa ajili ya ulinzi tu. Ana miezi 3. Kwa sababu ya mate na udhu hatumgusi, kwa hiyo mchana kutwa yuko kwenye mnyororo nyuma ya nyumba na hufunguliwa usiku. Askari wa lindo alitushauri tumpe pilipili na kumchokoza kwa fimbo ili awe mkali. Sasa mgeni akija anajificha bandani na kujikojolea, na usiku kucha analia. Huyu atafaa kweli?
Msomaji, Bombo

JIBU: Waaleikum salaam. Habari ya najisi namwachia shehe wako, ila mimi naweza kukuhakikishia kwamba kumlea mbwa vizuri hakulazimu kumshika. Sauti yako, muda wako na chakula kinachotupwa kutoka mbali hufanya sehemu kubwa ya kazi, na kwa mnyororo, kuoga au dawa, tafuta mtu ambaye kwake hilo si tatizo, au tumia glavu.

Pilipili acheni leo hii. Inamchoma kinywa na tumbo, haimpi ujasiri wowote. Fimbo nayo inamfundisha kwamba watu wanaumiza, na mbwa anayeogopa watu hachagui: siku akibanwa pembeni atamuuma mtoto anayefuata mpira kwa urahisi kuliko mwizi mwenye panga, ambaye mbwa huyo atamkimbia. Mlinzi mzuri ni mbwa anayewajua watu wa kawaida kiasi cha kumtambua asiye wa kawaida.

Umri wa kuzoea mambo mapya kwa wepesi huanza kufunga kati ya wiki ya 12 na ya 14, kwa hiyo nyie mko ukingoni, lakini bado hamjachelewa. Mfungueni mchana ndani ya ua kila siku. Mgeni akija asimkaribie wala asimtazame usoni. Aketi upande wa pili, amtupie kipande cha chakula, na mbwa aachwe aamue mwenyewe kutoka au kubaki bandani. Asiburutwe. Muuza maziwa, bodaboda inayonguruma mlangoni, mvua juu ya mabati, mtu mwenye mwavuli, vyote hivyo avione akiwa mbali na akiwa anakula. Kujikojolea ni woga na utii, si ukaidi, kwa hiyo asifokewe, futeni kimya. Kwa kilio cha usiku, mlisogeze banda karibu na dirisha la mtu anayelala, na mtu huyo amsemeshe kwa sauti ya chini kabla ya taa kuzimwa. Msimtembeze kwenye majalala na njia za mbwa wengine mpaka amalize chanjo zake, kwa kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoambukizana kati ya mbwa, huua watoto wa mbwa kwa siku chache tu.

SWALI: Mbwa wangu wa miezi miwili anakula kinyesi chake. Ni ugonjwa wa akili?
Msomaji, Mbarara

JIBU: La. Mama yake alikuwa akifanya hivyohivyo ili kusafisha pale walipolala, naye ameiga. Mara nyingi huisha kadiri anavyokua, mradi kinyesi kiondolewe mara tu anapomaliza na milo yake iongezwe. Usimsugue pua humo. Atajifunza kujisaidia mafichoni na kukila haraka kabla hujafika. Kama anakonda, au choo ni cha majimaji au kina damu, chukua kiasi kidogo katika kopo safi umpelekee daktari wa mifugo siku hiyohiyo kipimwe minyoo.