Jibu: Mtoto wa miaka 2 haongei, nimkate udata?
Dada, umeuliza kama umkate udata (kiutando kinachofunga ulimi kwa chini) mwanao wa miaka 2 anayesema "mama" na "maji" tu, na kama Kigogo cha bibi yake kinamchanganya. Bibi mwache aongee. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na maneno ya Kigogo nayo uyahesabu. Udata unaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya matamshi, ila haumnyimi mtoto maneno. Wembe wa mtaani, hapana kabisa.

Anza na masikio. Hata kama hugeuka mlango ukigongwa, huenda hasikii sauti nyembamba kama s na f, hasa akiwa na maji ndani ya sikio. Nenda Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma, kitengo cha masikio, pua na koo, uombe kipimo cha usikivu, kisha uulizie tiba ya usemi. Wataalamu wake ni wachache nchini, kwa hiyo kazi kubwa ni yako nyumbani. Akinyooshea zabibu kidole, sema "zabibu", nyamaza kidogo ukimtazama, ndipo umpe (zikate vipande, zinapalia). Usimwambie "sema kwanza!" Akisema "maji", ongezea "maji baridi". Katuni za simu punguza.

Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au akiitwa jina hageuki, usingoje miadi ya mbali. Mpeleke wiki hii.